Jinsi ya kupima tredi za besiboli kipindi cha baridi: hesabu miaka kabla hujahesabu majina

Kila Desemba ni yale yale. Timu inatoa makinda wanne (vijana ambao bado hawajapanda ligi kuu) inachukua staa mmoja, alafu nusu ya mashabiki wanalia tumeibiwa na nusu nyingine wanashangilia kama vile ubingwa umeshafika, na ukiwauliza wote huyo staa amebakiza miaka mingapi kabla hajawa mchezaji huru unakuta hamna anayejua. Mi naupenda huu mchezo na naipenda sana hii miezi ambayo hamna mechi, ndo maana nimeona niandike namna ya kupima tredi, yaani timu kubadilishana wachezaji, hatua kwa hatua, hasa kwa ndugu zetu walioko Marekani na Canada ambao wameanza kufuatilia MLB (ligi kuu ya besiboli) kupitia watoto wao au watu wa kazini, na sisi wengine tunaokesha huku. Hoja yangu ni moja: miaka kwanza, majina baadae.

Kitu cha kuelewa mapema kama umekulia kwenye mpira wa miguu. Huku hamna mambo ya klabu tajiri kuja na mzigo wa pesa ikamnunua mchezaji wako mkaachana. Mwaka 1976 mmiliki wa Oakland A's, Charlie Finley, alijaribu, akamuuza Vida Blue kwa Yankees kwa dola milioni 1.5, na Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Red Sox kwa milioni 1 kila mmoja, kamishna Bowie Kuhn akafuta mauzo yote akasema hayana maslahi kwa mchezo. Kwaiyo ukitaka mchezaji wa timu nyingine unatoa wachezaji wako. Na timu mbovu haitaki mkongwe wako wa miaka 33, inataka vijana ambao watakuja kuwa wazuri kipindi na yenyewe itakuwa nzuri. Hapo ndo kinda anapogeuka kuwa sarafu.

Hatua ya 1: tafuta miaka iliyobaki

Hii ndo hatua kubwa na nitakaa nayo kidogo, zingine zote zinasimama juu yake.

Mchezaji akipanda MLB anaanza kuhesabiwa siku za utumishi. Siku 172 ndo mwaka mmoja kamili, japo msimu wenyewe una siku zaidi ya hizo. Akifikisha miaka 6 anakuwa huru, anaenda anakotaka. Kabla ya hapo ni mali ya timu. Miaka 3 ya mwanzo timu ndo inampangia mshahara na mara nyingi inampa kiwango cha chini kabisa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000 na 2026 ni 780,000. Akishafika miaka 3 (wapo wachache wanaowahi wakiwa na miaka 2 na kitu) anaingia kwenye usuluhishi wa mshahara, yaani wakishindwana na timu wanaenda mbele ya wasuluhishi na pesa inapanda kila mwaka, ila bado hawezi kuondoka.

Sasa fikiria dogo anayecheza kama staa wa dola milioni 30 kwa mwaka na wewe unamlipa 780,000. Hiyo tofauti ndo thamani ya kinda. Watu wengi wanadhani thamani yake ni kipaji, kipaji ni sehemu tu, thamani ni kipaji mara miaka mara unafuu wa bei. Ndo maana kinda mzuri wa kawaida tu mwenye miaka 6 mbele yake anaweza kuwa na thamani kuliko staa mkubwa mwenye mwaka 1. Staa wa mwaka mmoja umempanga kama nyumba, hujamnunua, mwaka ukiisha anahama.

Chukua mifano miwili ya wiki moja, Desemba 2024. Red Sox walimchukua Garrett Crochet kutoka White Sox, mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye 2024 alikuwa na straikauti 209 (kumtoa mpigaji kwa straiki tatu) ndani ya iningi 146 (vipindi vya mchezo), na alikuwa amebakiza miaka miwili. Wakatoa makinda wanne: mdakaji (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji) Kyle Teel, Braden Montgomery, Chase Meidroth na Wikelman Gonzalez. Siku chache baadae Cubs wakamchukua Kyle Tucker kutoka Astros, amebakiza mwaka mmoja tu, wakatoa Isaac Paredes, Hayden Wesneski na kinda Cam Smith. Wengi walilinganisha majina, wakauliza kati ya Crochet na Tucker nani mkali. Swali hilo halikusaidii. Ukihesabu miaka unaona Astros walitoa mwaka mmoja wa Tucker wakapokea miaka 6 ya Smith, miaka mitatu ya Paredes na miaka mingine ya Wesneski. Smith alikuwa ametoka kuchaguliwa kwenye drafti (zamu za timu kuchagua vijana wapya) Julai ileile na kwenye ligi za chini alikuwa na mechi chache tu, lakini siku ya kwanza ya msimu wa 2025 alikuwa raiti filda (mlinzi wa nyuma upande wa kulia) wa Astros. Tucker aliwasaidia Cubs kuingia mtoano kisha akawa huru, kama ilivyojulikana tangu siku ya tredi.

Red Sox wao walifanya kitu cha maana, kabla hata Aprili 2025 haijaanza kuchanganya walimpa Crochet mkataba mpya wa miaka 6 wa dola milioni 170. Miaka miwili ikageuka mingi. Na mwaka huohuo akaongoza American League (moja ya ligi mbili zinazounda MLB, nyingine ni National League) kwa straikauti, 255. Kwaiyo ukiona tredi ya staa mwenye muda mfupi, jiulize pia timu inayomchukua ina uwezo na nia ya kumfunga mkataba? Dodgers walifanya hivyo kwa Mookie Betts, walimtoa Boston Februari 2020 akiwa na mwaka mmoja, Julai wakampa miaka 12 kwa dola milioni 365.

Na izo siku 172 zinachezewa, ukae ukijua. Mwaka 2015 Cubs walimwacha Kris Bryant ligi ya chini wiki mbili za mwanzo, akapandishwa Aprili 17, mwisho wa msimu akawa na siku 171. Siku moja pungufu! Akachukua tuzo ya mchezaji bora mpya wa ligi na bado hakuhesabiwa mwaka, timu ikampata msimu mmoja zaidi. Alilalamika rasmi, 2020 akashindwa. Mkataba wa pamoja wa ligi na chama cha wachezaji wa 2022 umeweka kwamba mpya anayemaliza nafasi ya 1 au ya 2 kwenye tuzo hiyo anapewa mwaka mzima hata kama alipandishwa kwa kuchelewa, imesaidia ila haijamaliza tatizo. Kwaiyo ukiambiwa kinda wenu "bado anahitaji kuiva kidogo" mwishoni mwa Machi, angalia kalenda.

Hatua ya 2: msome kinda kwa umri na daraja, sio kwa namba tupu

Ngazi za chini ziko ivi kutoka chini: ligi za wanaoanza kwenye kambi za mazoezi, alafu Single-A, High-A, Double-A, Triple-A, kisha MLB. Ukiona kinda anapiga wastani wa .320 (hiti 32 kwa kila zamu 100 za kupiga) usishangilie kwanza, uliza yuko ngazi gani na ana miaka mingapi. Mwenye miaka 19 anayejikongoja Double-A akicheza na watu wa miaka 23 na 24 mara nyingi ana thamani kuliko wa miaka 25 anayewapiga watoto High-A. Double-A ndo chujio lenyewe, warushaji wa pale wanajua kutupa mpira wa kupinda wakati wewe unasubiri wa kasi, na wapigaji wengi waliong'aa chini wanaishia hapo.

Cheki pia anapigwa straikauti mara ngapi na anatembezwa bure (anapewa beisi ya kwanza kwa mirusho minne mibovu) mara ngapi, izo mbili hazidanganyi haraka kama wastani wa kupiga. Na cheki uwanja. Kuna timu za Triple-A ziko sehemu za juu zenye hewa nyepesi, Albuquerque na Reno kwa mfano, mpira unaruka kweli kweli, kwaiyo homrani 25 (mipira iliyopigwa ikatoka nje ya uwanja) za kule sio sawa na homrani 25 za sehemu nyingine.

Maskauti wanatumia kipimo cha 20 mpaka 80, ambapo 50 ni mchezaji wa wastani wa MLB. Wanampima mpigaji vitu vitano: kugusa mpira, nguvu, mbio, kudaka na kurusha. Ukisoma mtu ana 60 ya nguvu na 40 ya kugusa, maana yake akiupata mpira unaenda mbali ila kuupata ndo kazi. Mashabiki wanapenda sana ile 60. Mi naogopa ile 40.

Nafasi nayo inabadili bei. Shotistopu (mlinzi kati ya beisi ya pili na ya tatu), mdakaji na senta filda (mlinzi wa nyuma katikati) wana thamani kubwa sababu wakishindwa pale wanaweza kuhamishiwa sehemu rahisi, ila wa beisi ya kwanza akishindwa kupiga hana pa kwenda. Na warushaji, kaka, warushaji wanaumia. Tangu Dk. Frank Jobe amfanyie Tommy John upasuaji wa kiwiko 1974 hiyo operesheni imeokoa kazi za watu wengi sana, lakini kinda mrushaji akifanyiwa anapoteza zaidi ya mwaka, na huo mwaka hakurudishii mtu. Kama tredi ni makinda wanne na watatu ni warushaji, punguza thamani hapohapo.

Hatua ya 3: tumia orodha za makinda kwa akili

Kuna orodha za makinda 100 bora, Baseball America wanatoa tangu 1990, MLB yenyewe ina yake, na FanGraphs wana yao. Ni nzuri, zisome zote. Ila kuna makosa mawili yanajirudia kwenye mabishano.

La kwanza, watu wanachukulia namba 8 na namba 80 kama ndugu sababu wote wako kwenye 100 bora. Tofauti yao ni kubwa mno. Kumi wa juu ni watu ambao timu inajenga mustakabali juu yao, wa huko chini ni wachezaji ambao wakienda vizuri watakuwa wa kawaida wazuri, na tofauti ya namba 60 na 110 karibu haipo. La pili ni "anatoa namba 5 wetu!" Namba 5 wa wapi? Timu yenye hazina kubwa namba 5 wake angekuwa wa kwanza kwingine, na timu kavu namba 5 wake ni mchezaji wa benchi.

Alafu kuna wasio kwenye orodha yoyote. Juni 2016 White Sox walimtaka mrushaji wa San Diego James Shields, mtu mzima, wakatoa Erik Johnson na mtoto wa miaka 17 ambaye alikuwa hajacheza hata mechi moja ya kulipwa. Mtoto mwenyewe ni Fernando Tatis Jr., aliyekuja kuwa staa mkubwa San Diego. Siwezi kusema kila wa nyongeza ni Tatis, wengi wao hutawasikia tena, ila timu zenye maskauti wazuri ndo huwa zinaomba huyo jina la mwisho, lile ambalo kwenye habari linaandikwa kwa nusu mstari. Ukiona San Diego au Tampa Bay wanang'ang'ania jina la mwisho, lifuatilie. Pirates walimchukua Chris Archer toka Tampa Bay Julai 2018, wakatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na mchezaji wa kutajwa baadae, na huyo wa baadae akawa Shane Baz, ambaye walikuwa wamemchagua raundi ya kwanza mwaka uliotangulia. Archer alikuwa na miaka mingi ya bei rahisi iliyobaki, hesabu ya hatua ya 1 ilikuwa nzuri tu, ila kiwango kilishuka. Kwaiyo miaka ni lazima uhesabu ila ukumbuke ni miaka ya nini.

Hapa niseme kitu. Hawa tunaowaita nyongeza ni vijana wa watu. Mpaka 2022 mchezaji wa Double-A alikuwa analipwa karibu dola 13,800 kwa mwaka, mkataba wao wa kwanza wa pamoja wa 2023 ndo ukapandisha mpaka 30,250, na Triple-A ikawa 35,800. Dogo anatoka Jamhuri ya Dominika ana miaka 16 anasaini, anaishi kwenye akademi mbali na kwao, siku moja anapigiwa simu anaambiwa saivi wewe ni wa Cleveland. Na wapo wa kwetu pia, Dodgers mwaka 2022 waliwasaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wametoka nchi ambayo watoto wake walifika Little League World Series (mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto) kule Williamsport mwaka 2012, wa kwanza toka Afrika, baada ya waliofuzu 2011 kunyimwa viza. Njia ni ndefu: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pirates 2008 akagusa MLB Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kufika hapo. Bishana kuhusu thamani yao ila usiwaite takataka.

Hatua ya 4: timu iko wapi kwenye safari yake

Tredi hiyohiyo inaweza kuwa ya akili kwa timu moja na ujinga kwa nyingine. Uliza timu yako mwakani ina uwezo wa kushinda mechi ngapi. Kama ni 70, huyo staa atakupa 74, na 74 haikupeleki popote, bora ubaki na makinda. Kama ni 87, hizo mechi 4 ndo zinakuingiza mtoano.

Mfano ninaoupenda ni Tigers wa 1987. Agosti walimchukua mrushaji mkongwe Doyle Alexander toka Atlanta wakatoa kijana wa miaka 20 anaitwa John Smoltz. Kila mtu anaitaja kama tredi mbaya kuliko zote, Smoltz akaingia Hall of Fame (ukumbi wa magwiji wa besiboli) 2015. Lakini nenda kaangalie: Alexander alishinda mechi 9 hakupoteza hata moja, na Detroit walichukua kundi lao kwa tofauti ya mechi 2 tu mbele ya Toronto. Bila Alexander hawaingii. Walilipa bei kubwa sana, kweli, ila walipata walichokifuata. Cubs 2016 nao walimtoa Gleyber Torres, mmoja wa makinda bora kabisa wakati ule, kwa miezi michache ya Aroldis Chapman, wakachukua World Series (fainali ya ubingwa wa MLB) ya kwanza tangu 1908. Sijawahi kukutana na shabiki wa Cubs anayetaka arudishiwe Torres.

Tredi mbaya kweli ni ya Desemba 2015. Arizona walimtoa Dansby Swanson, ambaye Juni ileile walimchagua namba 1 kwenye drafti nzima, pamoja na Ender Inciarte na Aaron Blair, wakapata mrushaji Shelby Miller. Timu ilikuwa imeshinda mechi 79. Miller msimu uliofuata alishinda 3 akapoteza 12. Inciarte peke yake alikuwa na miaka mitano iliyobaki na tayari alikuwa anacheza MLB vizuri tu, akaenda kuchukua Gold Glove (tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake) mara tatu mfululizo. Swanson akachukua ubingwa na Atlanta 2021. Hapo hata usiangalie matokeo, siku ileile ya tredi hesabu ilikuwa inakataa.

Na upande wa pili usisahau kwamba makinda wanafeli. Desemba 2007 Marlins walimtoa Miguel Cabrera (na Dontrelle Willis) kwenda Detroit wakapata vijana sita, wakiongozwa na Cameron Maybin na Andrew Miller, wote wawili wa raundi ya kwanza na wa juu kabisa kwenye orodha. Cabrera akachukua Triple Crown (kuongoza ligi kwa wastani wa kupiga, homrani na RBI, yaani pointi anazoingiza kwa kupiga) 2012, ya kwanza tangu 1967. Maybin na Miller hawakuisaidia Florida. Miller alikuja kuwa mrushaji wa hatari, akawa mchezaji bora wa fainali ya American League 2016, ila akiwa Cleveland, miaka tisa baadae. Kipaji kilikuwepo, faida ikaenda kwa mwingine.

Hatua ya 5: angalia rosta ya watu 40

Hii wengi wanairuka. Kila Novemba timu lazima iamue kinda gani anaingia kwenye rosta ya watu 40, ile orodha ya wachezaji ambao timu imewalinda wasichukuliwe. Aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini ana misimu mitano, wa 19 na kuendelea ana minne. Asipolindwa anaweza kuchukuliwa kwenye drafti ya Rule 5 mwezi Desemba kwa dola 100,000 tu, ila timu iliyomchukua lazima imweke MLB msimu mzima au imrudishie mwenyewe. Roberto Clemente aliondoka Dodgers kwenda Pirates kwa njia hiyo 1954. Johan Santana 1999 vilevile aliwatoka Astros, akaishia Minnesota, akachukua Cy Young (tuzo ya mrushaji bora) mara mbili.

Kwaiyo timu yenye makinda wengi na nafasi chache inalazimika kuuza. Ukiona tredi ya ajabu katikati ya Novemba, makinda wawili kwa mmoja aliye mbali bado, usiseme bosi amechanganyikiwa, hesabu nafasi kwanza.

Hatua ya 6: pesa

Fupi tu. Kuna kodi ya anasa kwa timu inayolipa mishahara kupita kikomo, kikomo cha 2025 kilikuwa dola milioni 241 na 2026 ni milioni 244, timu ikivuka inalipa, na ikivuka miaka mfululizo inalipa zaidi. Tredi ya Betts ilikuwa na hilo ndani yake: Boston walimfunga pamoja na David Price aliyekuwa anadai milioni 96, wakalipa nusu, wakashuka chini ya kikomo. Walichopata uwanjani ni Alex Verdugo, Connor Wong na Jeter Downs. Ukipima wachezaji tu haiingii akilini. Kanuni ni kwamba timu inayobeba mshahara mkubwa inatoa makinda wachache, na inayotaka mwenzake abebe mshahara inaongeza makinda.

Hatua ya 7: ukitaka kutunga tredi yako mwenyewe

Anza na timu ya pili. Andika wanachokosa wao, sio unachotaka wewe. White Sox wa 2024 walipoteza mechi 121, walikuwa hawana haja na mrushaji bora, walihitaji mdakaji wa kesho na wapigaji, na Boston walikuwa na Teel na vijana wengi kwenye nafasi zilizokwisha jaa. Ikakubali. Wewe ukitoa wachezaji watano msiowataka kwa mmoja wanayempenda, hiyo haikubali hata kama jumla ya pointi kwenye karatasi inalingana, sababu timu ya pili nayo ina rosta ya 40 na haina pa kuwaweka.

Alafu hakikisha inaruhusiwa. Nafasi za drafti haziuzwi kama NBA, isipokuwa zile za kusawazisha ushindani wanazopewa timu ndogo. Baltimore walitoa moja ya hizo pamoja na DL Hall na Joey Ortiz kumpata Corbin Burnes 2024. Kijana aliyechaguliwa Julai hawezi kutolewa mpaka World Series iishe. Mchezaji mwenye miaka 10 MLB na 5 ya mwisho timu hiyohiyo anaweza kukataa, na wengine wana kipengele cha kukataa kwenye mkataba, Eric Hosmer wa Padres (timu ya San Diego) alikataa kwenda Washington 2022 kwenye tredi ya Juan Soto ikabidi Luke Voit aende badala yake.

Hatua ya 8: hukumu kwa awamu

Hiyo tredi ya Soto ya 2022 ndo shule nzima. Padres walimchukua Juan Soto akiwa na misimu miwili na nusu, wakatoa CJ Abrams, MacKenzie Gore, James Wood, Robert Hassell na Jarlin Susana. Mwaka huohuo Padres wakafika fainali ya National League. Abrams akawa All-Star (mchezaji wa timu ya mastaa wa ligi) 2024, Gore na Wood 2025. Kwaiyo Washington wameshinda? Subiri. Desemba 2023 Padres walimpeleka Soto Yankees, amebakiza mwaka mmoja, wakapata Michael King, kinda Drew Thorpe na wengine watatu. Thorpe hakuvaa hata jezi ya San Diego kwenye mechi ya msimu, Machi 2024 walimtumia kumpata Dylan Cease, na Julai 25 Cease akawanyima wapinzani hiti hata moja mechi nzima, kulekule Washington, mbele ya Abrams na wenzake. Yankees na Soto wao wakafika World Series 2024 wakafungwa na Dodgers, kisha Soto akaenda Mets kwa miaka 15 na dola milioni 765, na Yankees wakabaki na kumbukumbu na nafasi ya drafti.

Ukifuata mnyororo wote ndo unaona thamani ya kinda inavyohama mkono kwa mkono. Mi ninavyofanya, siku ya tredi naandika tarehe, miaka iliyobaki ya kila mtu, ngazi na umri wa kila kinda, na sentensi moja ya kwa nini kila timu imekubali. Alafu narudi kuisoma mara tatu: mwisho wa Julai dirisha la tredi likifungwa, mwisho wa msimu, na miaka mitatu mbele. Ya siku ile naipima kwa kilichojulikana siku ile, sio kwa kilichotokea baadae, hayo ni maswali mawili tofauti na mabishano mengi yanaharibika hapo.

Kalenda ya kuweka kwenye simu: Novemba katikati kulinda makinda, mwanzo wa Desemba vikao vya majira ya baridi na Rule 5, Januari 15 usajili wa vijana wa nje ya Marekani unafunguliwa, katikati ya Februari warushaji na wadakaji wanaripoti kambini Florida na Arizona. Na mkataba wa pamoja wa sasa unaisha Desemba 1, 2026. Ulipoisha ule uliopita wamiliki walifunga milango toka Desemba 2, 2021 mpaka Machi 10, 2022 na hamna tredi hata moja iliyoruhusiwa humo katikati, kwaiyo baridi ya 2026 timu zenye akili zinaweza kukimbilia kumaliza mambo yao Novemba, anza kuhesabu miaka yako mapema.